Kufufua herufi za Futura kutoka karatasi za zamani: nifuate bikari au nifuate chapa?

Mchora Mabango (Dar es Salaam) ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa wangu, shikamooni. Naomba ushauri wa wale waliowahi kuchora fonti nzima tangu A hadi Z, na vilevile wa wale waliowahi kushika herufi za risasi, yaani zile za chuma za kuchapia, kwa mikono yao.

Nimekabidhiwa kazi ya kusanifu kitabu cha Kiswahili kinachoeleza makazi ya mijini ya karne ya 20. Sura yake ndefu kuliko zote inahusu jiji la Frankfurt, Ujerumani, kati ya mwaka 1925 na 1930, wakati Meya Ludwig Landmann alipomkabidhi msanifu majengo Ernst May jukumu la kuwajengea wakazi wa jiji hilo nyumba za gharama nafuu. Mhariri na mimi tumekubaliana kwamba vichwa vya sura na maelezo ya picha, na ikiwezekana matini yenyewe, vipangwe kwa herufi za Futura. Paul Renner, aliyezichora, alifundisha katika shule ya sanaa ya jiji hilohilo mwaka 1925 na 1926, na kiwanda cha Bauer kilichozimimina kwa risasi na kuanza kuziuza mwaka 1927 kilikuwa palepale Frankfurt. Kwa hiyo herufi na nyumba ni za jiji moja na za miaka ileile, jambo ambalo ningependa msomaji alihisi hata kabla hajalisoma.

Sitaki kutumia Futura inayokuja na kompyuta, kwa sababu nikiiweka kando ya karatasi za vielelezo, yaani karatasi za zamani zilizochapwa kuonyesha herufi hizo, ambazo mtu mmoja ametuazima, naona tofauti isiyofichika: zile za karatasi zina uhai fulani, na hizi za kompyuta zimenyooshwa mno. Nimeamua kuzichora upya kutoka kwenye karatasi hizo, nikitumia FontForge, programu ya kuchora fonti, na nimeshaziskani kwa ubora wa juu. Hata hivyo nimekwama kwenye mambo matatu.

La kwanza ni duara. Kila mtu husema kwamba Futura ni herufi za bikari na rula, nami nikaanza kwa kuchora o yenye maduara mawili kamili, moja ndani ya jingine. Nilipoilaza juu ya o ya karatasi, hazikulingana: ile ya karatasi ina mstari mnene kidogo ubavuni na mwembamba kidogo juu na chini. Je, hilo ni kosa la uchapaji ninalopaswa kulisahihisha, au ni kusudio la mchoraji ninalopaswa kuliheshimu?

La pili ni ukubwa. Karatasi zina herufi hizihizi katika ukubwa mbalimbali, lakini a ya maandishi madogo si a ya maandishi makubwa iliyopunguzwa. Ni pana zaidi, nene zaidi, na imesimama mbali zaidi na jirani zake. Nifuate ipi?

La tatu ni zile herufi za ajabu ambazo Renner alizipendekeza mwanzoni na ambazo baadaye ziliachwa: r iliyokuwa mstari wa wima na nukta pembeni yake, na m na n zenye pembe za mraba badala ya mabega ya mviringo. Kwa macho yangu hizo ndizo zinazofanana zaidi na majengo ya Frankfurt ya wakati ule. Anayefufua kazi ya mtu anatakiwa kufufua kile alichokiota mwanzoni, au kile alichokubali kukiuza mwishoni?

Fundi Chapa (Mombasa) amejibu:

Marahaba, mwanangu. Nimepanga herufi za risasi kwa mkono kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nafurahi kwamba bado yupo kijana anayeuliza maswali haya kabla ya kuanza kuuza fonti.

Nianze na ukubwa, kwa sababu ukilielewa hilo utayaelewa mengine. Katika zama za risasi hapakuwa na kitu kinachoitwa kukuza au kupunguza. Kila ukubwa ulikuwa na kalibu zake, na waliozitengeneza walijua kwamba herufi ndogo sana inahitaji kusaidiwa ili isomeke. Waliipanua, wakaupa mstari wake unene zaidi kwa kulinganisha na kimo chake, wakafungua tumbo la a na e ili wino usilizibe, na wakaacha nafasi kubwa zaidi pembeni. Katika ukubwa wa bango walifanya kinyume, wakazibana na kuzichonga kwa ukali. Kwa hiyo ulichokiona kwenye karatasi zako ni sahihi kabisa. Fonti nyingi za kompyuta zilizaliwa kutoka mchoro wa ukubwa mmoja tu, na ndiyo maana maelezo ya picha yaliyopangwa kwa Futura ya kompyuta huonekana membamba na yenye njaa, ilhali vichwa vikubwa huonekana vimelegea.

Ushauri wangu ni kwamba uchague vyanzo viwili na usivichanganye. Kwa maelezo ya picha fuata kielelezo cha pointi (kipimo cha ukubwa wa herufi) 10 au 12, na kwa vichwa vya sura fuata cha pointi 36 au zaidi. Tangu mwaka 2016 teknolojia ya fonti badilifu inaruhusu faili moja kubeba michoro yote miwili na kupita kutoka mmoja hadi mwingine kulingana na ukubwa wa maandishi, lakini kwa kitabu kimoja cha karatasi mafaili mawili yanatosha na yatakupunguzia kazi.

Sasa chapa yenyewe. Usiiamini karatasi kwa asilimia mia, maana unachokiskani si herufi, ni alama ambayo herufi iliiacha baada ya kukandamizwa na wino. Chukua lenzi ya kukuzia, uangalie ukingo wa herufi kwenye mwanga wa pembeni. Utaona ukanda mwembamba uliokolea kuliko katikati: huo ni wino uliosukumwa nje na uzito wa mashine, na ukingo wa kweli wa risasi uko ndani yake kidogo. Kwenye karatasi ngumu na laini ukanda huo ni mdogo, na kwenye karatasi ya kunyonya unaweza kuinenepesha herufi hadi ikaonekana ya uzito mwingine kabisa. Kama una vielelezo vya karatasi za aina mbili, chukua vile vya karatasi laini. Pembe nazo zitakudanganya, kwa sababu pembe kali ya chuma hutoka butu kwenye karatasi. Usiichore butu. Ichore kali, kisha mashine ya leo itaibutusha kwa kiasi chake.

Kuhusu duara, o yako ya bikari ndiyo yenye kosa, si ya karatasi. Jicho la binadamu huuona mstari wa mlalo kuwa mnene kuliko wa wima hata kama vipimo vyake ni sawa, kwa hiyo herufi iliyochorwa kwa unene mmoja pande zote huonekana imevaa kofia nzito na viatu vizito. Jaribu mwenyewe: chora o ya bikari, iweke kati ya n mbili, isogeze mbali hadi isionekane vizuri, uone ni wapi weusi unakusanyika. Tazama pia b, d, p na q, mahali tumbo linapoungana na nguzo. Katika karatasi zako utaona mviringo unapungua unene kila unapokaribia nguzo, maana bila hivyo maungio yangekuwa doa la wino. Tazama A, V na W, ambazo ncha zake kali zinatokeza nje ya mstari wa herufi nyingine, na o inayozama kidogo chini ya mstari wa msingi, kwa sababu kitu chenye ncha au mviringo huonekana kifupi kuliko kitu bapa chenye kimo kilekile.

Renner alianza kuchora mwaka 1924 na herufi zikauzwa mwaka 1927. Katika miaka hiyo kiwanda kilimimina herufi za majaribio, zikachapwa, zikatazamwa na kurekebishwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuipotosha jiometri kidogo kidogo hadi ionekane jiometri. Ukirudi kwenye bikari unaitupa miaka hiyo mitatu, na hiyo ndiyo sehemu ya thamani kuliko zote katika karatasi ulizoazimwa.

Msanifu Majengo (Nairobi) amejibu:

Nimeyasoma maelezo ya Mzee wetu wa Mombasa kwa heshima, na ningependa kulijibu swali la tatu kwa kupitia majengo, kwa sababu naona ndugu muulizaji anatafuta mfanano mahali ambapo haupo sana.

Ni kweli kwamba Frankfurt ya miaka ile ilikuwa jiji la aina yake. Chini ya May zilijengwa takriban nyumba 12,000 ndani ya miaka mitano. Ndani ya nyingi ya nyumba hizo liliwekwa jiko lililosanifiwa na Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926, lenye ukubwa wa takriban mita 1.9 kwa 3.4, ambamo kila hatua ya mpishi ilipimwa kabla ya kabati kuwekwa mahali pake. Ni kweli pia kwamba eneo lile ndilo lililotoa karibu kwa pamoja herufi tatu za kijiometri zilizoenea duniani: Erbar iliyotolewa na kiwanda cha Ludwig & Mayer cha Frankfurt, Futura ya Bauer, na Kabel ya Rudolf Koch iliyotoka Offenbach, mji jirani, mwaka 1927. Wengi huongeza kwamba Futura ni herufi ya Bauhaus, shule mashuhuri ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, jambo ambalo si sahihi, kwa kuwa Renner hakuwa mwalimu wala mwanafunzi wa shule ile. Kitabu chako kisilirudie kosa hilo.

Lakini uhusiano wa herufi na nyumba hizo haumo katika pembe za mraba. Chukua mtaa wa Bruchfeldstraße, uliojengwa mwaka 1926 na 1927, ambao wakazi waliupa jina la utani kwa sababu nyumba zake zimepangwa kwa mshazari kama meno ya msumeno. Anayeutazama kwenye picha huona mchezo wa jiometri. Anayesimama ndani ya chumba huelewa kwamba kila nyumba imegeuzwa ili ipate jua na hewa, na isizuiwe na nyumba ya jirani. Umbo limetokana na haja ya mkazi. Futura iliyouzwa ndiyo inayofuata mwenendo huo, na zile herufi zilizoachwa ndizo zilizokuwa zikifuata umbo kwa ajili ya umbo. Soma mstari mzima uliopangwa kwa ile r ya nukta, na utaona nukta inaelea peke yake, neno linakatika, na jicho linaanza kuitafuta i iliyopotea. Zile m na n za mraba zinapendeza zikiwa kwenye bango, lakini ndani ya aya zinageuka kuwa safu ya malango, na o iliyo kati yake inaonekana mgeni.

Kuna jambo jingine ambalo wanaopenda usasa wa Futura hulisahau. Herufi zake kubwa hazikutoka kwenye kiwanda wala kwenye saruji. Zina uwiano wa maandishi yaliyochongwa kwenye mawe ya Warumi: E, F, L na S ni nyembamba, karibu nusu ya upana wa O, ilhali O, C, G na Q zinakaribia duara kamili. Ukiandika neno FRANKFURT kwa herufi kubwa utaona mwendo huo wa nyembamba na pana, na wala hakuna fonti nyingi za kijiometri za baadaye zilizouhifadhi, kwa kuwa nyingi zilisawazisha upana wa kila herufi. Kwa hiyo ukilinda kitu kimoja katika ufufuzi wako, ulinde uwiano wa herufi kubwa.

Zile r, m na n za mwanzo usizitupe pia, kwa sababu zilionyeshwa kama herufi mbadala katika vielelezo vya awali na ni sehemu ya historia. Ziweke ndani ya fonti kama mbadala anazoweza kuziita mpangaji kwa hiari yake, na uzitumie kwenye jalada au kwenye ukurasa wa kufungulia sura ya Frankfurt, mahali ambapo mtu hutazama kabla ya kusoma.

Naongeza jambo moja kwa sababu kitabu ni cha Kiswahili. Ernst May huyuhuyu aliondoka Frankfurt mwaka 1930 kwenda Umoja wa Kisovieti, na mwaka 1934 akahamia Tanganyika, akanunua shamba karibu na Arusha. Baadaye aliliuza akaja hapa Nairobi, akafungua ofisi ya usanifu majengo, akaishi Afrika Mashariki hadi mwishoni mwa mwaka 1953. Jengo la Makumbusho ya Uganda mjini Kampala ni kazi yake, na Hoteli ya Oceanic ya Mombasa ilikuwa kazi yake pia, bila kusahau mpango wa kupanua Kampala alioutengeneza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukitazama makumbusho yale utamwona mtu yuleyule wa Frankfurt, lakini mwanga na hewa vimepimwa upya kwa jua la Ikweta. Naliona hilo kuwa ruhusa kwako ya kuipima Futura upya kwa ajili ya matini ya Kiswahili, badala ya kuihamisha ilivyo na kuitarajia ifanye kazi.

Mchora Mabango amejibu:

Shukrani nyingi kwenu nyote wawili. Habari za May mjini Nairobi na Kampala nimemfikishia mhariri, naye amesema zitaingia kwenye sura hiyo. O ya bikari nimeifuta, na nimeanza upya kutoka kielelezo cha pointi 12 nikifuata ukingo wa ndani kama Mzee alivyoelekeza.

Sasa nimepata tatizo jipya ambalo nadhani Renner hakulazimika kulifikiria sana. Nilichapa aya ya majaribio ya Kiswahili, na neno la kwanza lililonisimamisha lilikuwa kijiji. Katika Futura j haina ndoano chini. Ni i iliyorefushwa tu. Matokeo yake, baada ya k kunabaki vijiti vitano vyenye nukta, viwili vikiwa virefu, na msomaji niliyempa karatasi alilisoma neno hilo mara mbili. Maji, mji, jiji na jina nayo yana shida hiyohiyo kwa kiasi chake. Je, nikiipa j ndoano nitakuwa nimeiharibu Futura?

Mpanga Kurasa (Zanzibar) amejibu:

Kaka, swali lako la mwisho ndilo lililonitoa kwenye ukimya, kwa sababu mimi hupanga vitabu vya Kiswahili kila siku na nimeipima Futura katika lugha hii zaidi ya mara moja.

Kwanza j. Usiipe ndoano kwenye herufi ya msingi, maana mstari ule ulionyooka ni sehemu ya sura ya fonti nzima, pamoja na t iliyo msalaba mtupu na u isiyo na mkia. Unachoweza kukifanya ni kuongeza kidogo urefu wa j chini ya mstari, na kuongeza nafasi baina ya j na i pekee, kwa kuwa jozi ya ji kwa Kiswahili hutokea mno na kwa Kijerumani hutokea kwa nadra, hivyo waliopima nafasi za asili hawakuwa na sababu ya kuihangaikia. Ukifanya hivyo, chapa tena kijiji na ulitazame likiwa katikati ya sentensi, si peke yake. Ndoano iweke kama mbadala kwa ajili ya vitabu vya watoto wanaoanza kusoma.

Pili, a na o. Futura ina a ya tumbo moja, ambayo ni o iliyoegemezwa kwenye nguzo. Kwa Kijerumani au Kiingereza konsonanti huvunja msururu huo, lakini sisi maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na a ndiyo irabu inayojirudia kuliko zote. Tazama maneno kama tao na toa, au sentensi kama "wataandaa mahali pa kukaa", uone maduara yanavyofuatana. Nguzo ya a ikiwa nyembamba hata kidogo, maneno hayo yanaanza kufanana. Kwa hiyo katika ule mchoro wa pointi 12 usipunguze chochote katika nguzo ya a, na usikubali tumbo lake likaribie kuwa duara kamili kama la o.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Futura imetusaidia mahali pengine bila kukusudia. Nguzo za b, d, h, k na l hupanda juu kuliko herufi kubwa. Ukiandika Ili mwanzoni mwa sentensi, katika fonti nyingi zisizo na vijistari vya miguuni utaona vijiti viwili vya kimo kimoja, ilhali katika Futura l inaipita I, na neno linasomeka mara moja. Baadhi ya waliofufua fonti za aina hii walizifupisha nguzo hizo ili mistari ikae karibukaribu. Wewe usizifupishe, bali ongeza nafasi kati ya mstari na mstari.

Tatu ni jozi za mishazari. Majedwali ya kubana nafasi baina ya herufi yanayokuja na fonti nyingi hayakutengenezwa kwa ajili yetu. Kwetu wa, ya, kwa, vya na mwa zimo karibu katika kila mstari, na vy inakutanisha mishazari miwili inayoacha shimo katikati ya neno vyakula. Weka pia Wa, Vy na Ya zenye herufi kubwa mwanzoni, kwa sababu sentensi zetu nyingi huanza hivyo. Kisha shughulikia ng' katika ng'ombe, ng'ambo na kung'oa. Alama ile ya juu ikiachiwa nafasi yake ya kawaida, neno huonekana limekatwa vipande viwili, kwa hiyo ibane upande wa g na upande wa irabu inayofuata.

Kuhusu kupanga matini yote kwa Futura, hapo sitakubaliana nawe. Maneno yetu ni marefu, yana irabu nyingi za mviringo ambazo Futura huzichora pana, na kurasa zitavimba. Vichwa na maelezo ya picha vinatosha, na matini ipangwe kwa herufi zenye vijistari vya miguuni.

Mwisho, jina. Futura ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na baada ya kiwanda cha Bauer kufungwa mwaka 1972 haki zake zilikwenda kwa kampuni ya Neufville ya Barcelona, kwa hiyo usiipe fonti yako jina hilo wala jina linalokaribiana nalo. Owen Earl alipochora fonti yake huria iliyotokana na Futura aliiita Jost, kwa heshima ya Heinrich Jost aliyekuwa mkuu wa sanaa wa kiwanda cha Bauer, na mtu yeyote anaweza kuipakua bure. Ipakue uilinganishe na michoro yako. Itakuonyesha uamuzi ambao mtu mwingine aliufanya mbele ya maswali haya, na pale mtakapotofautiana utalazimika kujua kwa nini.

Fundi Chapa amejibu:

Dada wa Zanzibar amesema kweli kuhusu jozi za herufi, na nakiri sijawahi kuona mtu akizieleza kwa uwazi huo. Kuhusu matini nina maoni tofauti kidogo. Kiwanda chenyewe kiliongeza baadaye, katika miaka ya 1930, unene maalumu kwa ajili ya vitabu, uliokuwa kati ya ule mwembamba na ule nusu mzito, kwa kuwa wateja walitaka kupanga matini ndefu na wakaona mwembamba unachosha macho. Ukiwa na kielelezo cha unene huo, panga utangulizi tu kwa Futura, kurasa tatu au nne, kwa pointi 11 zenye nafasi ya kutosha kati ya mistari, na sura nyingine zote zifuate ushauri wa dada.

Kabla ya kukubali chochote, usiamini kioo cha kompyuta wala mashine ndogo ya ofisini. Mwombe mpiga chapa wenu akuchapie ukurasa mmoja kwenye karatasi ileile ya kitabu na kwa mashine ileile, wenye kijiji, vyakula, ng'ambo, Ili na toa katika sentensi za kawaida, uupeleke nje kwenye mwanga wa jua, kisha ndio urudi kugusa michoro yako.